Mbuzi wa Ngussa katika Banda la Bi Mwanahawa

Siku niliyokabidhi ofisi, binti aliyekuja kushika nafasi yangu aliniuliza swali moja tu: "Mama, kwa miaka yote hii, ni kesi gani ilikuchosha kuliko zote?" Nadhani alitegemea nimtajie ugonjwa wenye jina refu. Nikamwambia ni mbuzi wa jirani waliochanganyikana na mbuzi wa jirani mwenzake. Akacheka kwa adabu, jinsi watu wanavyowachekea wastaafu. Basi nimekaa barazani kwangu, magoti yananiuma, kazi sina, nikaona nimwandikie yeye na wenzake wanaoanza.

Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Kipatimu, kwenye nyumba ya Wakatoliki ambako mbuzi walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alikuwa na jina. Nilipomaliza chuo cha mifugo nilipangiwa kazi kata ya Pande, huku pwani. Nilifika juu ya lori lililokwenda kuchukua chumvi, nimekalia begi langu ili lisiruke. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kunipokea na wazee wawili. Akatusalimia wote tulioshuka, kisha akamuuliza dereva, "Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Akachungulia nyuma ya lori, labda amebaki mwingine. Alipoona hayupo akawageukia wazee: "Haya jamani, safari hii wametuletea bibi mifugo." Jina likakaa. Wajukuu zangu hadi leo wanadhani Mifugo ni ukoo wetu.

Wa kunifundisha kazi alikuwa Mzee Kindamba, afisa wa kata ya jirani, mtu mwembamba wa kofia nyeupe na baiskeli isiyo na breki. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na miezi yangu ya mwanzo alinizungusha vijiji vyote. Mbele ya wafugaji alizungumza Kiswahili kitamu chenye dua ndani yake. Akitaka kunigombeza bila kuniaibisha, aligeukia Kimatumbi, lugha ya kwetu milimani.

Kitu cha kwanza alichonipa ni kipande cha uzi. Nilipouliza wa nini, akasema nifunge kwenye kipimajoto. Kipimajoto cha mnyama, kwa wasiojua, huingizwa nyuma, na mnyama hana sababu ya kukitaka kitoke. Mzee Kindamba alishawahi kupoteza kimoja ndani ya ng'ombe wa mtu mkubwa, akalazimika kukaa na yule mtu mkubwa wakinywa chai na kungoja. Fungeni uzi. Hata hivi vya siku hizi vinavyolia pii, fungeni uzi.

Jambo la pili alinifundisha kwa vitendo. Mbuzi wa shemeji wawili walikuwa wamechanganyika, na tulipofika ukoo mzima ulikuwa ndani ya banda, kila mtu ameshika sikio la mbuzi na kuapa. Mzee aliwatoa wote nje. Akataka mlango ufunguliwe, kisha mmoja wa wale shemeji atangulie kuelekea kwake, akiita kama anavyoita kila jioni. Yule bwana aliona haya kuita mbele za watu, lakini aliita. Nusu ya mbuzi wakanyanyua vichwa na kumfuata. Waliobaki katikati bila kujua waende wapi ndio tuliowaangalia alama za masikio.

"Ukiingia kuwakamata utapata waliochoka, hutapata walio wako," aliwaambia. Tukiwa njiani akanigeukia kwa Kimatumbi: watu wanapogombania mbuzi wanaangalia mkia na sikio, wewe angalia pua. Mbuzi akichanganyika siku moja tu anaweza kurudi kwao na kitu ambacho hakikuonekana.

Nilikuja kuyakumbuka hayo miaka mingi baadaye, yeye akiwa ameshapumzika kwao Somanga, na mimi nimepewa pikipiki.

Wakati huo wafugaji kutoka bara walikuwa wameanza kuingia kwetu na makundi makubwa. Ngussa alikuwa mmoja wao, Msukuma mrefu, mpole wa sauti, aliyejenga ng'ambo ya bonde na ndugu zake wawili. Alikuwa na ng'ombe, kondoo na mbuzi. Upande huu wa bonde aliishi Bi Mwanahawa, mjane aliyefundisha watoto Kurani asubuhi na kufuga mbuzi saa zilizobaki. Kundi lake lilianzia kwa majike mawili aliyoachiwa na marehemu mumewe, karibuni akaongeza jike mmoja wa mnadani, na wote aliwalea kwa ukali uleule aliowalelea wanafunzi. Mbuzi wake walikuwa hawaingii shamba la mtu. Nilikuwa nikiwaambia wengine waende wakaone.

Kiangazi kile maji yalibaki kwenye kidimbwi kimoja tu bondeni, na makundi yote mawili yalinywa hapo. Walikuwa wakipishana kwa kununa. Mchana mmoja mtu akachoma shamba lake, upepo ukageuka, moto ukashuka bondeni. Mbuzi wakatimka. Wa Bi Mwanahawa wakakimbilia kwao, na ndani yao wakaingia wa Ngussa, akiwemo dume lake kubwa jeupe alilokuja nalo kutoka Usukumani. Bi Mwanahawa akafunga banda. Ngussa alipokuja kuwaomba, akaambiwa aje na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mjini Masoko kwenye kikao. Kabla hajarudi, mbuzi wa Bi Mwanahawa wakaanza kukohoa, na mmoja akafa.

Niliitwa kwa simu na mtu aliyekuwa akipiga kelele. Nilipofika uwanja wa Bi Mwanahawa ulikuwa umejaa. Vijana wa kijiji walikuwa na mapanga, wakasema wametoka shamba, ingawa wawili kati yao nilijua hawana shamba. Ngussa alisimama na ndugu zake, wameshika fimbo. Katikati, kwenye mlango wa banda, Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kigoda na mchi wa kinu mapajani.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Umekuja kuwatoa au kuwazika?"

"Nimekuja kuwaona."

"Waone, basi. Uone alichoniletea huyu bwana. Mbuzi zangu miaka yote hazijui mafua."

Ngussa alinisalimia kwa kuinama kidogo na kupiga makofi taratibu, kama wafanyavyo kwao. "Bibi Mifugo, mimi nataka mbuzi wangu tu. Nikipewa sasa hivi, naondoka, sina neno."

"Umeletea watu maradhi halafu huna neno!" kijana mmoja akadakia. "Ahame! Wahame wote!" Ndugu mmoja wa Ngussa akabadilisha mkono wa kushikia fimbo. Mimi nilikuwa nimegundua zamani kwamba watu wenye hasira hunyamaza wakiona mtu anafanya kazi. Nikavua koti, nikatoa kipimajoto chenye uzi, nikamwomba Bi Mwanahawa asogeze kigoda.

Ndani niliona walivyosimama: miguu ya mbele wameitanua, shingo wameinyoosha, wanapumua kama waliopanda mlima. Joto lilikuwa juu. Yule aliyekufa nikampasua pale pale nyuma ya banda, watu wote wakitazama. Pafu moja lilikuwa limegeuka gumu kama ini na kugandana na mbavu, na kifuani kumejaa maji ya manjano. Pafu la upande wa pili lilikuwa zima. Nikamuuliza Ngussa, "Kondoo wako nyumbani wanaendeleaje?"

"Wazima wote. Hata wa kukohoa hayupo."

Hilo ndilo nililotaka kusikia. Sotoka, ule ugonjwa mwingine tunaouogopa, isingewaacha kondoo, na ingewaharisha na kuwatoa vidonda mdomoni. Hii ilikuwa homa ya mapafu ya mbuzi, na homa ya mapafu ina dawa, ukiiwahi. Sampuli nilituma maabara kama inavyotakiwa. Majibu yalirudi kuthibitisha tukiwa tumeshamaliza kutibu, na niliyapokea kwa heshima zote.

Nilitoka nje nikanawa. Nikampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya, bosi wangu, mbele ya wote, nikiwa nimeweka sauti wasikie. Akakubali nifunge banda kwa karantini. Kisha nikawageukia.

"Hakuna mbuzi anayetoka humu."

Bi Mwanahawa akapiga mchi chini kwa furaha. Ngussa akasema taratibu, "Lakini wale ni wangu."

"Ni wako. Hakuna anayebisha. Wakirudi kwako leo, watawamaliza uliobaki nao nyumbani. Watakaa humu mpaka nitakaposema wamepona."

"Umesikia?" Bi Mwanahawa akamwambia.

"Na wewe, Bi Mwanahawa, utawauguza. Wake na wako, sawasawa."

Furaha ikamtoka. "Mimi? Niuguze mbuzi za mtu aliyeniulia mbuzi?"

"Hajakuulia. Ugonjwa huu hukaa ndani siku nyingi kabla mbuzi hajakohoa. Walioanza kukohoa walikuwa nao kabla ya moto. Labda waliupata kidimbwini, labda waliupata kwa yule jike uliyemleta kutoka mnadani. Sijui, na hata nikijua, haitamponya hata mmoja. Ngussa, wewe kila asubuhi utaleta majani na maji ya kutosha banda zima. Siku za sindano utaingia kunishikia. Ukitoka hapa unanawa, unabadili nguo, ndipo unagusa wa kwako."

Mpaka leo sijui nani kati yao alianza kukubali. Vijana walibaki kidogo na mapanga yao, kisha wakaona hakuna cha kukata, wakaondoka mmoja mmoja. Nilipofika kwenye pikipiki sikuiwasha mara moja, nikajifanya natazama plagi.

Siku zilizofuata sizisahau. Ngussa alikuja kila asubuhi na mzigo wa majani kichwani, nyuma yake punda na madumu ya maji. Bi Mwanahawa alimngoja langoni amejifunga kanga kiunoni. Hawakusemeshana. Uwanja ule ni mdogo, tulikuwa watatu, na bado walinituma mimi.

"Mwambie huyo bwana majani yake yana miiba."

"Bibi Mifugo, mwambie mayu nimesikia."

"Mwambie mimi si mayu wake."

"Mwambie kwetu mayu ni mama. Ni heshima."

Bi Mwanahawa akakaza kanga yake. "Mwambie basi kesho alete ya mkunde."

Kazi yenyewe iliwalegeza kidogo kidogo. Mbuzi mwenye homa ya mapafu hataki kukandamizwa kifua, na Ngussa alijua kumshika mnyama: goti nyuma ya bega, mkono mmoja chini ya taya, hakuna purukushani. Bi Mwanahawa alimtazama siku ya sindano ya pili, akaniambia kwa sauti ambayo alijua itasikika, "Angalau ana mkono mwepesi." Naye Ngussa aliona jinsi mjane yule alivyowatenga wasioweza kusimama, akawatandikia nyasi kavu, akawa anawanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko kimoja kwa wake, kijiko kimoja kwa wa jirani. Mimi sikumwagiza kijiko. Ni yeye mwenyewe.

Wengi waliinuka. Lile dume jeupe halikuinuka.

Bi Mwanahawa alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka. "Dume la Ngussa limekufa. Limefia kwangu, Tereza." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo. "Watasema nimeliua."

"Nakuja, nitamwambia mimi."

"Njoo. Lakini nitamwambia mwenyewe."

Nilimkuta amelifunika kwa mkeka, amekaa pembeni yake. Ngussa alitokea na mzigo wake, akaona mkeka, akapunguza mwendo. Bi Mwanahawa akasimama. Nilikuwa katikati yao kama siku zote, lakini safari hii hakunituma.

"Ngussa," akamwita. "Dume lako limetutoka. Jana jioni lilikunywa vizuri, nikadhani limepona. Alfajiri nilipotoka kuswali nikalikuta hivi. Wallahi nililiangalia kama langu."

Ngussa akatua mzigo. Akakunja mkeka upande wa kichwa, akamtazama yule mnyama aliyetembea naye kutoka mbali vile, akaweka mkono kwenye pembe. Mimi nikatafuta tena plagi ya kutazama.

"Mayu," akasema hatimaye, "mimi nimekuwa nikikuona kila siku. Ningekuwa nalo nyumbani lingekufa mapema zaidi." Akafunika mkeka. "Majani haya wape wengine. Una jembe?"

Ilibidi tuzike mbali na maji, shimo refu, tumwagie chokaa. Ardhi ya kiangazi ni ngumu. Ngussa alichimba, nikampokea, Bi Mwanahawa akatupokea sote wawili na hakuchimba vibaya. Kabla hatujafika kiunoni wale vijana wa mapanga wakapita, safari hii wakitoka shamba kweli, wakasimama. Bi Mwanahawa akawaambia, "Mnatazama nini? Mzee wa watu anachimba." Wakashuka shimoni.

Kulikuwa na mkutano wa kijiji baada ya hapo, na wapo waliokuwa bado wanataka Wasukuma wahamishwe. Mwenyekiti aliuliza nani ana la kusema. Bi Mwanahawa alisimama upande wa wanawake. "Mimi ndiye niliyefiwa na mbuzi. Huyu bwana akiondoka, nani ataniletea majani?" Watu wakacheka, na mtu akishacheka inakuwa kazi kurudi kwenye hasira. Wakapanga zamu za kidimbwi: huku asubuhi, ng'ambo baada ya adhuhuri. Hilo ningeweza kulishauri hata kabla ya ugonjwa, na nililishauri, ila wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kunisikiliza.

Siku ya kuwatenganisha nilifanya kama alivyonifundisha Mzee Kindamba. Mlango ukafunguliwa, Ngussa akatangulia huku akiita. Wa kwake wakatoka. Wakatoka na baadhi ya wa Bi Mwanahawa pia, kwa sababu wiki zote zile sauti ya Ngussa ilimaanisha majani. Tukawarudisha kwa alama za masikio. Jike moja la Ngussa, lililozaa mapacha humo humo karantini, lilifika mpaka njiani, likasimama, likageuka na kurudi bandani na watoto wake.

"Liache, mayu," Ngussa akasema. "Limeshachagua."

"Sichukui mbuzi ya mtu."

"Basi lizae tena halafu tugawane."

"Hawa mapacha je? Mimba ni ya kidimbwini, baba yao nani?"

Wote wawili wakanigeukia. Nimesoma uzazi wa mifugo, nina cheti. Niliwatazama wale watoto, mmoja mweupe, mwingine madoa, nikasema dawa yangu imeniishia, nikawasha pikipiki.

Kwenu vijana, nawaachia machache ya kufanyia kazi. Watoto wa mbuzi wawekewe alama mapema, kwenye masikio, rangi ya mgongoni huoshwa na mvua. Mbuzi mgeni akiingia kwa mtu, atoe taarifa kwa mwenyekiti siku ile ile, na watangaze msikitini au mnadani; anayekaa kimya kwa siku chache huanza kuonekana mwizi hata kama sivyo. Wa kununua mnadani atengwe kwanza. Mkivuka bahari kwenda kisiwa cha Songo Mnara kuchanja, msile chochote asubuhi. Mimi nilikula, na mbuzi wa kule walinitazama nikishuka mashuani kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Na mkikuta watu wamekasirika, anzeni kazi.

Wiki ya mwisho ya utumishi nilizunguka kuaga. Nilimkuta Bi Mwanahawa kidimbwini, mchana, amejikalia kwenye jiwe na fimbo. Amezeeka, lakini sauti haijazeeka. Ngussa alikuwa upande wa pili, ndevu zimeingia mvi. Mbuzi wote walikuwa wanakunywa pamoja, na habari za zamu hakuna aliyezitaja. Kati yao nikaona jike mmoja mweusi anachechemea, kwato zimekua na kujikunja. Alama ya sikio ilikuwa imechanika, haisomeki.

"Bi Mwanahawa, huyu ni wako?"

"Muulize Ngussa."

Nikazunguka maji. "Ngussa, yule mweusi anayechechemea ni wako?"

"Muulize mayu."

"Mayu kanituma kwako."

Akacheka, akaja, akamshika kwa goti nyuma ya bega na mkono chini ya taya. Nikatoa kisu changu, nikamkata kwato zote nne, nikamwachia. Alijaribu mguu mara mbili, akaona umekaa sawa, akaingia katikati ya wenzake kunywa. Nikawaaga wote wawili, nikaenda zangu, na sikujua ni wa nani.